Bado Sijajenga

Ukishafikia umri fulani Dar es Salaam, watu huacha kukuuliza utaoa lini. Wanahamia kwenye swali lingine: umejenga wapi? Hakuna anayeuliza kama umejenga. Ofisini kwetu swali hilo huibuka saa ya chai, na majibu yake yanatosha kuchora ramani ya mkoa. Huyu Goba, yule Bunju, mwingine Kigamboni huko Kibada, mwingine Chanika. Yupo aliyejenga Kibaha, ambaye kila akitaja Kibaha huongeza haraka kwamba siku hizi ni karibu tu. Zamu yangu ikifika nasema Magomeni. "Kumbe umejenga Magomeni!" Hapana, nimepanga. Vyumba viwili, nyumba ya Kiswahili, Magomeni Mikumi. Hapo meza nzima hukoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Mama yangu, aliyeko Njombe, hana subira hiyo. Yeye hunisomea mashitaka kwenye simu: hiyo kodi unayompa mtu kila mwaka ingekuwa matofali mangapi? Namwambia matofali yatakuja, mama. Na kiwanja ninacho, nisije nikaonekana mzururaji. Kipo, kina mipaka yake, mjumbe wa huko ananijua kwa sura. Nikienda kukitazama Jumapili nakuta kimya, upepo, nyasi, na majirani wawili waliokwisha kuzungusha ukuta na geti jeusi. Nasimama, nahesabu kona zote nne, napiga picha ya kumtumia mama, narudi. Kabla daladala haijafika Ubungo nimeanza kuwaza leo pweza watakuwepo au hawatakuwepo.

Kwa hiyo niseme wazi kinachonichelewesha. Pesa ni sehemu yake, siwezi kudanganya. Ila sehemu kubwa ni kwamba napenda ninapoishi, na naona haya kulisema hilo mbele ya watu wazima wenye mageti.

Nyumba yetu ni ya ramani ile ile iliyojaa Magomeni, Ilala na Kinondoni. Mlango mkubwa mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu unatokea uani: jiko, bafu, choo, bomba, kamba za kuanikia nguo. Mbele kuna kibaraza cha saruji kilicholainishwa na makalio ya vizazi kadhaa. Aliyeibuni ramani hii alimjua binadamu. Huwezi kutoka chumbani kwenda bafuni bila kusalimia watu wanne. Huwezi pia kumnunia mtu wiki nzima, kwa sababu ndoo yake iko mbele ya yako bombani na mmoja wenu lazima aseme neno.

Saa kumi na moja alfajiri adhana zinaanza. Msikiti mmoja hutangulia, wa pili hudakia kabla wa kwanza haujamaliza, na wa tatu, ule wenye spika mbovu, huja mwishoni kabisa. Mimi ni Mlutheri wa Njombe na sijawahi kununua saa ya mezani tangu nihamie hapa. Baada ya adhana linafuata fagio la chelewa uani, halafu harufu ya iliki. Hapo najua mama wa vitumbua ameshawasha moto. Anakaa nyumba ya pili, mbele ya kibaraza chake, na chuma chake chenye mashimo juu ya jiko la mkaa. Anamimina unga wa mchele, anasubiri, anageuza kwa spoku ya baiskeli. Sijawahi kumwona akitumia kitu kingine. Wateja wake wa kwanza ni walinzi wanaorudi lindoni na makonda wanaokimbilia gari la kwanza. Wanaofuata ni watoto wa shule waliotumwa na sahani. Halafu ndio sisi wa ofisini tunaojidai tuna haraka. Akiniona nimevaa shati la mikono mirefu ananiuliza, "Leo kuna wakubwa, mwanangu?" Huwa kuna wakubwa.

Lakini nikitakiwa kutaja kitu kimoja tu cha mtaa huu nitataja vipimo. Ndiyo, vipimo. Duka letu ni la Mangi, na hapa mjini muuza duka anayekaa nyuma ya nondo ni Mangi, jina la Kichaga, hata kama kwao ni Singida. Kwake unanunua mafuta ya kula ya kupima, sukari robo, mche wa sabuni uliokatwa vipande, vidonge viwili vya kichwa, kitunguu kimoja, sigara moja. Unanunua umeme, unanunua vocha, unatoa na kutuma pesa. Juu ya nondo kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwamba leo ni taslimu na mkopo ni kesho. Chini ya karatasi hiyo hiyo lipo daftari la mikopo, limechakaa kwa kufunguliwa.

Najua hesabu. Robo robo ukizijumlisha zinazidi bei ya kilo, na anayeumia zaidi ni yule ambaye hana namna ya kununua kilo. Sitaki kulipamba hilo. Mimi ninayeweza kununua kilo nikaacha, ninafanya anasa, na anasa yenyewe ni kutofikiria kesho. Wenzangu wa Goba hupanga mboga ya wiki nzima siku ya Jumamosi, wanajaza friji, na Ijumaa inayofuata wanatupa nusu ya nyanya. Mimi saa kumi na mbili jioni bado sijui nitakula nini. Nashuka kituoni, nafika kwa dada wa genge, naangalia kilichopo. Kisamvu kimeshatwangwa. Mchicha umeshachambuliwa. Nazi anakuna hapo hapo. Kabichi anaikata nyembamba mpaka unajiuliza kwa nini vidole vyake bado ni kumi. Ukimwambia, "Dada, nifungie ya watu wawili leo," atakuuliza bila kuinua macho: "Mgeni wa kike au wa kiume?" Jibu lako litafika uani kabla yako.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu mfuko. Zamani kulikuwa na rambo nyeusi, na rambo nyeusi ilikuwa faragha ya maskini: nusu kilo ya nyama au fungu la dagaa, mtaa haukujua. Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, jambo jema kwa mitaro yetu, sibishi. Ila jioni ya kwanza niliyopita na nyama kwenye mfuko wa kaki uliolowana, nilipongezwa na vibaraza vitatu. Cha nne kiliuliza kama nimepandishwa cheo.

Jumamosi mchana ni siku yangu ya kulala na dirisha wazi. Pazia limeshushwa, feni inazunguka ikipatikana, nami nasikiliza. Mitaa yetu haina mabango, ina milio. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake vidogo mkononi, na mgongano wake una mdundo wake mwenyewe. Wa mtaa wa nyuma anagonga tofauti na wa kwetu. Fundi viatu anagonga boksi lake la mbao kwa kishikio cha brashi. Kijana wa kupaka rangi kucha anapita akitikisa chupa zake, na utasikia dirisha la chumba cha pili likifunguka: "Wee kaka wa rangi, rudi!" Mnoa visu ana baiskeli iliyogeuzwa kiwanda. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataja kila kitu kibovu ulichonacho, pasi mbovu, feni mbovu, betri mbovu, mpaka unaanza kujitafakari. Na yupo yule wa kipaza sauti cha kurekodi, anauza dawa ya mende, panya na kunguni. Sauti iliyorekodiwa ni ya mtu aliyekuwa na furaha sana siku hiyo. Inapita polepole kwenye joto la saa nane, inarudia, inapotea kona ya msikiti, na baada ya dakika kumi inarudi kutokea upande wa pili. Dukani vitu hivi vyote vinahitaji uvae viatu. Hapa vinakuja vyenyewe hadi mlangoni, vinapiga kelele kidogo, na usipovitaka vinaendelea na safari.

Jioni kuna kijiwe. Chetu kiko chini ya mwembe, kando ya gereji ya bodaboda: mabenchi mawili, ubao wa drafti unaochezwa kwa visoda, na mzee wa kahawa na birika lake juu ya mkaa. Kikombe ni sarafu moja, kashata ni sarafu nyingine, na kwa bei hiyo unapata uchambuzi wa siasa, dini, ndoa na mpira. Wazee wa kijiwe wanaamini wana haki ya pekee ya kuzungumzia nchi hii, na ushahidi wao upo mtaa wa Ifunda, hapa hapa Magomeni, ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za harakati za TANU, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955. Leo nyumba hiyo ni mahali pa kumbukumbu. Mzee mmoja akibanwa kwenye hoja husimama, ananyoosha mkono upande ule, na kusema, "Nchi hii ilipangwa pale, wewe ulikuwa wapi?" Mabishano huishia hapo, hata kama yalikuwa yanahusu bei ya sukari.

Mpira ni habari nyingine. Makao ya Yanga yako Jangwani na ya Simba yako mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, yote mawili ni mwendo wa miguu kutoka hapa, kwa hiyo hakuna wa kusema mimi hainihusu. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1, mtaa uliacha kusalimiana kwa maneno. Mtu alikuinulia kiganja, vidole vimetanuliwa, akapita zake. Watoto wadogo wasiojua kuhesabu walijua tano. Mzee wa kahawa, ambaye ni Simba kuliko Simba wenyewe, alipotea kijiweni. Aliporudi alitangaza sharti: hauzi vikombe vitano. Chukua vinne au chukua sita. Sharti hilo alilisimamia msimu mzima, na nimewaona watu wazima wakilipia kikombe cha sita na kukimwaga, ili tu waweze kuagiza. Mwaka ule ule Yanga walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika wakarudi bila kombe. 2025 Simba nao wakafika fainali hiyo hiyo, nao wakarudi bila kombe. Kijiwe kikapata amani fulani, kwa kuwa sasa kila upande una kidonda cha kuguswa.

Mechi za Ulaya tunaziona banda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni tatu, joto la kuchemshia yai, na kiingilio ambacho hata mtoto wa sekondari anakimudu. Nina king'amuzi chumbani. Sijui kwa nini nakilipia.

Asubuhi, kabla ya basi, napita kwenye meza ya magazeti pale Mapipa. Hapo husimama watu kumi na tano kusoma kurasa za mbele, mikono nyuma, na pengine mmoja tu ndiye atanunua. Muuzaji hakasiriki. Wakati mwingine msomaji wa bure anasema kichwa cha habari kwa sauti, mwingine anampinga, wa tatu anatoa habari ambayo gazeti lenyewe halina. Ukipanda basi umeshajua yote.

Kuhusu usafiri sitakaa sana. Magomeni ni pale barabara ya Morogoro inapokutana na ya Kawawa, na tangu mwendokasi ianze Mei 2016 tawi la Morocco linachepukia hapa. Kwa maneno mengine, Kivukoni, Kariakoo, Morocco, Ubungo, kote kunafikika. Kubanana kupo na kuna siku nashuka na kifungo kimoja pungufu. Lakini raha yangu hasa ni kutopanda kabisa. Jumamosi jua likipungua natembea kwa miguu, navuka bonde la Jangwani, natokea Fire, naingia Kariakoo. Mvua kubwa zikija na Mto Msimbazi ukijaa, njia hiyo hufungwa na tunaanza kutafuta pa kuzungukia. Siku nyingine zote ni matembezi mazuri kuliko yanavyoonekana.

Kariakoo siendi kununua. Naenda kuuliza bei. Kuna ustadi kwenye kuuliza bei, na mtu asiyejua atadhani ni ubahili. Unashika kitambaa, unakiangalia dhidi ya mwanga, unauliza kama ni pamba, unaambiwa ni pamba, unacheka, naye anacheka. "Tajiri, toa unayotaka." Unataja bei ya matusi. Anashika kichwa. Unaondoka hatua tano, anakuita, hujageuka, anakuita tena kwa cheo kikubwa zaidi. Nimeshakuwa tajiri, mkurugenzi, mheshimiwa na mchungaji katika mtaa mmoja tu, mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Nikichoka naenda kulitazama jengo la soko, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lenye paa la zege la maumbo mapana yaliyofunguka juu ili kukinga maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na likafanyiwa ukarabati. Watu wengi hupita chini yake na mizigo kichwani bila kuinua macho, na siwalaumu, mizigo ni mizito. Ila mimi sina mzigo, nimeuliza bei tu, kwa hiyo nainua.

Sasa nije kwenye Ramadhani, ambao kwangu Mlutheri ndio mwezi mkubwa wa mwaka kwa upande wa chakula. Mwezi ukiandama, korido yetu hubadilika. Kuanzia alasiri kila jiko la uani lina sufuria: magimbi ya nazi, mihogo ya nazi, ndizi mbichi na nyama, tambi, maharage, uji uliotiwa pilipili manga, kaimati zinazochovywa kwenye shira. Dakika chache kabla ya magharibi mlango wangu unagongwa na mtoto aliyeshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. "Mama kasema pokea." Anafuata mtoto wa chumba cha mbele. Anafuata wa nyumba ya jirani. Mwaka wa kwanza nilisema mimi sijafunga, nisiwapunguzie. Bibi wa chumba cha kona, dada yake marehemu mwenye nyumba, akanijibu kutoka kibarazani, "Kwani tumbo lako limeandikwa dini?"

Kanuni ya sahani ni kwamba hairudi tupu, na hapo ndipo Njombe inapoingia. Mama hunitumia gunia la maparachichi na viazi kwa basi. Ninalipokea stendi, nalileta kwa bajaji, na kabla sijalifungua korido imeshajua kwamba Njombe imefika. Sahani zote zinarudi na maparachichi. Viazi vinagawanywa uani kwa beseni. Usiku mama anapiga: yamefika? Yamefika. Umekula? Nimekula mawili. Na mengine? Hapo huwa natafuta maneno. Siku moja bibi wa kona alininyang'anya simu katikati ya maelezo na kuanza kumshukuru mama kwa sauti ya kuvuka mikoa yote iliyo katikati. Waliongea muda mrefu. Kuhusu miguu inayouma, kuhusu baridi ya Njombe, kuhusu mimi. Sijui walikubaliana nini, lakini tangu siku hiyo gunia linakuja kubwa zaidi, na swali la matofali linakuja mara chache zaidi.

Usiku wa manane wa mwezi ule vijana wa daku hupita na ngoma na madebe kuamsha watu wapate kula. Wanapiga vizuri, halafu wanapiga vibaya, halafu mtu anawatupia neno kali dirishani na wanapiga vizuri tena. Siku ya Idi wanapita kudai chao, na hata sisi tusiofunga tunatoa, maana tumeamshwa sawa na wengine.

Krismasi ni zamu yangu. Nanunua kuku na mchele. Kuku wanachinjwa na baba wa chumba cha mbele, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Pilau inapikwa na akina mama wenyewe, kwa sababu waliwahi kuonja mchele wangu na wakaamua kwa kauli moja kwamba nisiachiwe. Kazi yangu ni kukata vitunguu vya kachumbari na kukaa pembeni nikipokea pongezi.

Jioni za kawaida nako kuna mengi. Jua likizama barabara inatandikwa meza: samaki wa kukaanga walioletwa asubuhi kutoka Feri, mihogo na chachandu, mishikaki, chipsi zege zikigeuzwa kwenye kikaango kilichoungua pembeni. Na pweza. Meza ya pweza ina taa moja ndogo, kisu, bakuli la pilipili na duara la wanaume waliosimama. Unachoma kipande kwa kijiti, unachovya, unakula, unadai kikombe cha supu. Mpishi anaeleza faida za supu hiyo kwa ndoa, kila usiku, kwa watu wale wale, na wanamsikiliza kila usiku kwa makini yale yale. Watu husema tunakwenda pale kwa hizo faida. Mimi naona tunakwenda kwa sababu ni mahali pekee mjini ambapo mwendesha bodaboda, shehe, mwalimu wa sekondari na mhasibu husimama bega kwa bega midomo ikiwaka, na hakuna anayeuliza mwenzake amejenga wapi.

Mwaka 2022 zilifunguliwa zile ghorofa mpya za Magomeni Kota, na familia 644 za wakazi wa zamani wa kota zikarudi. Majengo mazuri, maji ndani, choo ndani, na nimewafurahia kwa dhati. Kuna mama mmoja wa huko ninayemwona jioni nyingi. Anashuka ghorofa na kigoda chake, anavuka barabara, anakaa kwenye kibaraza cha rafiki yake wa siku zote na kuchambua mchicha wake hapo. Nilimuuliza kama kule juu hakuna upepo. "Upepo upo, mwanangu," akasema. "Watu ndio wako milango imefungwa."

Na yule mwenzangu wa Goba, mwenye geti jeusi na friji, kila Jumamosi yuko hapa kwa kinyozi. Anasema hakuna anayemjua kichwa chake huko. Ananyolewa, anafutwa kwa taulo la moto, anakula chapati mbili, anacheza drafti moja ambayo hufungwa, na saa kumi na moja anaanza kutazama saa kwa sababu ya foleni ya kurudi kwake. Mimi namsindikiza hadi kwenye gari nikiwa na kandambili.

Sisemi hapa ni peponi. Mita ya umeme ni moja kwa vyumba sita, na mwezi ambao mtu mmoja ananunua pasi mpya, korido nzima inafanya kikao. Februari joto linakutoa chumbani saa saba usiku na kukukuta kibarazani na wenzako wote, kila mtu na kanga au shuka. Choo kina zamu na zamu ina wababe wake. Kigodoro, ile ngoma ya kukesha, kikipigwa mtaa wa nyuma, spika zinatikisa bati mpaka alfajiri, na asubuhi unakutana na waliocheza wakiwa na macho mekundu wanakusalimia kwa furaha, nawe unaitika kwa meno. Siri haipo. Niliwahi kuumwa malaria nikafika zahanati, nikarudi na kukuta uji mlangoni, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba naumwa. Uji ulikuwa mtamu. Bado nataka kujua nani alitoa habari.

Kinachoweza kunitoa hapa si joto wala kigodoro. Ni ghorofa. Kariakoo nyumba za Kiswahili zimekwisha kuliwa, moja baada ya nyingine, na kazi hiyo sasa inaonekana inavuka bonde kuja huku. Kila mara unakuta mabati yamezungushiwa mahali palipokuwa na kibaraza, na mtu aliyekuwa anakaa hapo hayupo. Nyumba yetu ni ya urithi. Marehemu aliacha watoto kwa wake wawili. Mmoja anataka iuzwe, ameshaleta mnunuzi mara mbili. Wa pili anasema nyumba ya baba haiuzwi. Wa tatu anakubali kuuza ila si kwa bei hiyo. Wa nne yuko Muscat na hapokei simu za wenzake. Bibi wa kona naye anadai ana sehemu yake, na hana karatasi ila ana sauti.

Kikao chao cha mwisho kilifanyika kibarazani siku ya Jumapili. Sisi wapangaji tulikuwa ndani, redio zote tumezima, mlango wa korido tumeuacha wazi kidogo. Walianza kwa dua, wakafika kwenye bei, wakafika kwenye mambo ya mwaka 1994, na bibi akafunga kikao kwa kuondoka na kiti. Wamekubaliana kukutana tena baada ya Idi. Jumatatu nimelipa kodi ya miezi sita.